Safari ya Kitale: tulifuata maboksi ya stima

Sisi ni mafundi wa stima wa bloku. Tumeombwa tueleze safari yetu ya Kitale, kwa sababu wengi wenu mmetuuliza swali moja: mlienda mbali hivyo kununua maboksi matupu? Ndiyo, tulienda kununua maboksi matupu. Someni hadi mwisho, mtaona sababu.

Wengi mnakumbuka ule moto wa mwaka jana. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu, lakini familia moja ilipoteza godoro, nguo, vitabu vya watoto na karatasi zao zote. Kesho yake tuliingia mle ndani tukaona ulikoanzia. Waya wa jenereta ulikuwa umeungwa nyuma ya kitanda, ukazungushiwa tepu nyeusi, kisha ukapigiliwa kwenye mti wa ukuta. Boksi halikuwapo. Kiungo kililegea, kikashika joto, tepu ikayeyuka, na cheche ikapata godoro. Tuseme ukweli bila kuficha: aliyeunga waya ule ni mmoja wetu. Mwenye nyumba hakuwa na pesa ya boksi, nasi tukamwambia, "Itashika tu." Ikashika kweli, ikashika moto.

Kwa hiyo, familia 31 zilipochanga pesa ili chumba cha kusomea watoto kiwekwe stima, tuliogopa kidogo. Mpango ulikuwa soketi 12 na taa sita, na stima ichukuliwe kwa mwenye jenereta kama kawaida yetu hapa. Pesa ilikuwa ya mama anayeuza mandazi na ya baba anayebeba maji. Tukasema, safari hii hakuna "itashika tu".

Tulianza hapa hapa Kakuma. Tulizunguka maduka ya Wasomali, tukaenda kwa Wahabeshi, tukavuka hadi mjini kwa wenyeji. Vitu vipo, tusidanganyane. Waya upo, balbu zipo, swichi zipo. Maboksi pia yapo, lakini mengi tuliyoyakuta yalikuwa ya plastiki nyembamba. Unaliminya kwa vidole kwenye kona, linajikunja kama kopo la maziwa. Unatia skrubu, inazunguka bila kukaza, maana kile kishimo cha shaba hakikushikwa vizuri. Na mengi yalikuwa mafupi, yaani kina chake ni milimita 16 tu. Hiyo inafaa swichi ya taa. Ukitaka kuweka soketi yenye waya wa 2.5 unaoingia na kutoka, unahitaji kina cha 35. Ukizisukuma nyaya kwa nguvu ndani ya boksi fupi zinabanana, ngozi yake inachubuka, na soketi ikianza kazi joto halina pa kutokea.

Muuzaji mmoja, mzee mwenye heshima zake, alituambia wazi: "Wanangu, mimi naleta kile watu wananunua. Mkitaka kizuri, nendeni Kitale." Basi tukaomba karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Ninyi mnajua kungoja karatasi hiyo. Tulingoja, tukaenda ofisini, tukarudi, tukangoja tena. Mwishoni tulipata ya watu wawili. Mwenzetu wa tatu, yule wa kutoka Burundi, akabaki kuchimba ukuta.

Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120. Tulifika mchana, joto linapiga kichwa, tukaingia madukani palepale. Lodwar ni mji mkuu wa kaunti, umekaa kando ya mto Turkwel, na maduka yake ya vifaa vya ujenzi ni makubwa kuliko yetu. Tulipata paipu za milimita 20 na maboksi ya duara ya kuweka darini, yale yenye mdomo mmoja, miwili, mitatu au minne ya kupokea paipu. Bei haikuwa mbaya, tukanunua. Lakini maboksi ya chuma ya soketi tulipata matatu tu, nayo yalikuwa yamepata kutu dukani. Tukayaacha.

Hapo tulikaa chini tukapiga hesabu. Nauli ya Kitale na kulala ingekula sehemu ya pesa ya watu. Kwa boksi moja au mawili ni hasara tupu. Lakini sisi tulihitaji maboksi, nyaya, swichi, soketi na kabati dogo la sakiti breka, vyote kwa pamoja. Tukaona tofauti ya bei ya waya peke yake inaweza kufidia nauli. Usiku tukapanda basi.

Barabara inashuka kusini kupitia Lokichar hadi Kainuk, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi. Upande wa magharibi wa hapo, ndani ya milima, kuna bwawa la Turkwel. Mitambo yake ina uwezo wa megawati 106, na ilianza kazi mwaka 1991, mwaka mmoja tu kabla kambi yetu kufunguliwa. Nguzo zake kubwa zilielekezwa kusini, hadi Lessos. Tulitazama nguzo hizo kulipopambazuka. Mwenzetu akasema, "Stima imezaliwa jirani yetu, ikahamia mbali." Tulicheka, ingawa kwa sisi wakimbizi neno hilo la kuhamia lina uzito wake.

Baada ya Marich barabara inapanda milima. Mtu aliyezoea vumbi la Kakuma anashangaa: migomba, ng'ombe wanono, wanawake wamevaa masweta. Tukapita Makutano ya Kapenguria, na kabla ya saa sita tulikuwa Kitale, tunatetemeka kwa baridi.

Kitale ni mji wa mahindi, na mji wa wakulima lazima uwe na hadiwea. Karibu na stendi zimepangana, moja inauza misumari na mabati, inayofuata inauza stima tu. Hatukununua duka la kwanza. Tuliingia maduka matano tukiwa na orodha ileile, tukaomba bei iandikwe kwenye karatasi. Duka lililokuwa na waya wa bei ya chini kabisa lilikuwa na waya mwepesi mkononi. Tukaomba kipande, tukakata ncha, tukaona shaba ndani ni nyembamba kuliko ilivyoandikwa. Tukaaga kwa adabu.

Katika duka la nne tulimkuta mama mmoja nyuma ya kaunta. Hakutuuliza kwanza tuna pesa ngapi. Aliuliza, "Ukuta ni wa nini, baba?" Tukamwambia: kuta tatu za matofali ya udongo, moja ya mabati na miti. Akasema, "Basi hamwezi kuchukua boksi la aina moja." Tukajua tumefika kwa mtu wa kazi.

Alichotueleza, na tulichokuwa tumejifunza darasani lakini tukakizoea vibaya, ni hiki. Boksi la chuma ni gumu, linafaa kuzikwa kwenye tofali na plasta. Lakini chuma hupitisha stima. Lazima lifungwe waya wa ardhi, ile nyaya ya kijani na njano. Usipofanya hivyo, waya wenye moto ukigusa boksi, hata skrubu za mbele zinaweza kumrusha mtoto. Tena ukitoboa lile tundu la kupitishia waya, weka raba yake, kwa maana ukingo wa chuma hukata ngozi ya waya kama kisu. Boksi la plastiki halina kutu na lenyewe halihitaji waya wa ardhi, ingawa soketi iliyomo bado inauhitaji. Ila liwe nene, lile lisiloendeleza moto likiungua. Ukuta wa mabati au mbao utake boksi la kukaa juu ya ukuta, lenye mgongo wake uliofungwa, siyo soketi iliyo wazi nyuma.

Kwa nje, pale waya wa jenereta unapoingia, alituonyesha boksi lililoandikwa IP65. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, na 6 maana yake vumbi haliingii. Ya pili ni ya maji, na 5 maana yake linahimili maji ya kurushwa kwa bomba. Kwa upepo wetu wa Kakuma, hiyo 6 tuliipenda sana. Pia tulitazama alama ya KEBS. Ukiwa na shaka, unaandika SM#, kisha namba iliyo chini ya alama, unatuma kwa simu kwenda 20023.

Sasa ikaja shida. Jumla ilipita pesa yetu. Njia zilikuwa mbili: tuchukue maboksi ya rahisi tubaki na soketi 12 kama tulivyowaahidi watu, au tuchukue mazuri na soketi zipungue. Tulitoka nje, tukanunua chai, tukakaa kimya. Tulijua tutakavyoulizwa nyumbani. Halafu mmoja wetu akasema, "Unakumbuka lile godoro?" Tukarudi ndani. Tukachukua soketi nane.

Jioni ya kurudi Kakuma tuliitisha mkutano. Maneno yalikuwa makali. Baba mmoja alisema tumekula nne. Tukaweka risiti zote mezani, na bei za yale maduka mengine manne. Halafu tukaweka boksi jembamba la hapa na boksi la Kitale, tukamwomba ayaminye mwenyewe. La kwanza lilipasuka mkononi mwake. Akakaa chini. Hakusema tumefanya vema, lakini hakusema tena tumekula.

Kazi ilituchukua siku tano. Kila kiungo kimo ndani ya boksi, na kila boksi lina kifuniko kinachofikika, hakuna kilichofichwa nyuma ya plasta. Siku ya kuwasha, yule mama aliyeunguliwa alikuja na watoto wake. Hakutazama taa. Alishika kifuniko kimoja cha ukutani akauliza, "Nyuma ya hapa kuna nini?" Tukazima breka, tukafungua, tukamwonyesha nyaya zilivyokaa. Yule mwenzetu aliyeunga ule waya wa kwanza akamwomba msamaha mbele ya watu. Mama akasema, "Funga, watoto wasome."

Ndugu wasomaji, hatusemi kila mtu aende Kitale. Kwa chumba kimoja, nunua Kakuma, lakini liminye boksi, jaribu skrubu yake, pima kina chake. Kwa kazi kubwa kidogo, Lodwar inatosha kwa paipu na maboksi ya duara. Kwa kazi ya bloku zima, unganeni mnunue kwa pamoja, nauli igawanywe. Na fundi akikuambia boksi si lazima, itashika tu, mwambie apumzike kwanza. Kisha mwite jirani mwenye kiungo cha tepu nyuma ya kitanda, mwende mkatazame pamoja, stima ikiwa imezimwa.

Kiungo kama hicho kikionekana kwako, tuite. Kutazama hatutozi kitu.