Picha za Nyasi

Lango la Ndabaka nimelipita tangu nikiwa mtoto wa shule, kwenye mabasi ya Mwanza kwenda Musoma, na sikuwahi kukata kulia kuingia ndani ya hifadhi. Nilikata mwaka jana, mwezi wa nane, nikiwa na shangazi yangu aliyeolewa Meatu, jirani na Pori la Akiba la Maswa. Mimi nilimfuata chui. Shangazi hakuwa na hamu naye. Zamani chui aliwahi kumwingilia zizini akaondoka na mbuzi mwenye mimba.

"Mwizi nimlipie kiingilio nikamtazame?" alisema. Lakini gari alipanda.

Toka langoni hadi Seronera ni zaidi ya kilomita 100 za vumbi, na tuliwaona nyumbu, twiga, tembo, wote wale ambao mtu anawajua kabla hajafika. Simba yuko kwenye noti ya 2,000, faru kwenye ya 5,000, tembo kwenye ya 10,000. Chui hana noti. Nadhani angekataa kupigwa picha.

Saa kumi na moja jioni redio ya dereva ilikoroma: "Madoadoa juu, mtoni." Dereva alitufafanulia huku akigeuza gari. Waongozaji hawapendi kumtaja mnyama kwa jina abiria wakisikia, wasije wakawapa matumaini ya bure. Madoadoa ya chini ni duma. Ya juu ni yule anayelala mtini.

Tulikuta magari kumi na mawili yamejipanga barabarani, maana pale hairuhusiwi kuacha njia. Kwanza niliuona mkia, ukining'inia kwenye mwegea katikati ya yale matunda yanayofanana na mihogo iliyotundikwa. Nikadhani nao ni tunda. Kisha tunda likakunja ncha.

Alishuka kichwa chini, bila haraka. Upande wa mto, mita themanini hivi, tohe jike alikuwa anakula, rangi yake ni ileile ya majani makavu. Dereva alizima injini. "Dada, simu weka kimya," aliniambia.

Duma hutegemea mbio. Chui akianza kukimbia kutoka mbali, kazi imeshaharibika. Sharti asogee hadi abakize mita chache tu. Kwa hiyo alisogea. Tohe akiinamisha kichwa, chui anatembea. Tohe akiinua, chui anageuka jiwe, hata kama mguu mmoja bado uko hewani. Nilihesabu hatua nne, halafu kimya. Mbili, kimya. Mguu wa nyuma aliuweka palepale alipoutoa wa mbele, mahali alipokwisha kuhakikisha hakuna kijiti cha kuvunjika. Tumbo lilikuwa linafagia ardhi, mabega yanapanda na kushuka kupita mgongo. Halafu akaingia kwenye nyasi ndefu, na mnyama mwenye uzito wa mwanafunzi wa sekondari akapotea mbele ya macho ya watu zaidi ya hamsini wenye darubini.

Nakiri: nilitaka aue. Nilikuwa nimesafiri kwa ajili hiyo, na moyo ulikuwa unanienda mbio kama mimi ndiye mwenye njaa. Pembeni yangu shangazi alikuwa anamnong'oneza tohe, "Kimbia, mtoto wewe. Kimbia."

Dakika ya arobaini ulisikika mluzi mkali, kama wa refa. Hakuupiga tohe wetu. Alikuwepo wa pili, amelala kwenye matete, hakuna gari lililokuwa limemwona. Wote wawili waliruka, mikia imefumka weupe, wakaishia ng'ambo ya mto.

Chui alisimama hatua chache tu kutoka pale tohe alipokuwa anakula, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anapatazama. Hakujaribu kuwafuata. Aliukunja mkia juu, upande wa chini mweupe ukaonekana, akaja barabarani kwa mwendo wa mtu aliyetoka kunyoosha miguu. Alipita kati ya gari letu na la mbele, karibu kiasi cha kuona masharubu.

Shangazi alichungulia dirishani. "Haya, kalale njaa," alimwambia. "Yule mbuzi wangu hujamlipa."

Usiku nilifungua simu. Nilikuwa nimepiga picha 43. Moja ni ya mkia, moja ni ya kiwiko cha shangazi, zilizobaki zote ni nyasi.