Kuficha na Kufunua: Fundisho la Chumba cha Kompyuta

Kila mwalimu huficha. Anayefundisha kutoa kwa kuchukua hafungui siku hiyo hiyo habari za desimali, na anayefundisha irabu hawapi watoto wa darasa la kwanza insha ya kusoma. Huko ndiko kupanga somo, na wanachuo wote hufundishwa hivyo tangu muhula wa kwanza. Lakini iko namna nyingine ya kuficha, ambayo haimfai mwanafunzi ila humpunguzia mwalimu usumbufu tu. Kwa nje namna hizi mbili hufanana sana, na sisi wenyewe tulizichanganya kwa muda wa muhula mzima. Katika makala haya tungependa kuwaeleza ndugu wanachuo jinsi tulivyokosea, ili watakapokabidhiwa kompyuta za shule za msingi wasilirudie kosa letu.

Mwaka 2022 tulikabidhiwa chumba cha kompyuta katika chuo tulichokuwa tukifundisha. Zilikuwamo kompyuta 14, zote zikitumia Windows 10, na darasa lilikuwa la wanachuo 42. Yaani watatu kwa kila kompyuta. Wote waliingia kwa akaunti moja, nayo ilikuwa na mamlaka yote ya msimamizi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa mbele ya kompyuta kabla ya hapo. Hamu yao ilikuwa kubwa, na mgeni mwenye hamu hufungua kila mlango auonao. Mlango walioupenda kuliko yote ulikuwa ule wa Mipangilio, yaani programu ambayo kwenye skrini huandikwa "Settings" na alama yake ni gurudumu lenye meno.

Haukupita muda tukaanza kuvuna matunda ya upekuzi huo. Asubuhi moja tulikuta kompyuta ikionyesha kila kitu kichwa chini, miguu juu, kwa kuwa mtu alikuwa amegeuza mwelekeo wa picha. Nyingine ilikuwa imerudishwa nyuma miaka kadhaa katika tarehe yake, ikawa inakataa kufungua tovuti salama, maana kompyuta huvipima vyeti vya tovuti hizo kwa kalenda yake yenyewe. Ya tatu ilikuwa imewekewa mpangilio wa herufi wa Kifaransa, ambamo herufi a na q zimebadilishana mahali. Mwanachuo aliyeandika "baba" alipata "bqbq", na aliyeandika "mama" alipata ",q,q". Darasa liliangua kicheko, sisi hatukucheka. Kila kipindi tulipoteza nusu saa tukitengeneza yaliyoharibiwa na darasa lililotangulia, na somo tuliloliandaa likabaki katika andalio.

Ndipo tulipojifunza kwamba Windows inampa msimamizi uwezo wa kuzificha kurasa za Mipangilio. Uwezo huo uliingizwa katika Windows 10 mwaka 2017, na umo pia katika Windows 11. Katika toleo la Pro na yale ya shule, msimamizi hubonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, huandika gpedit.msc, kisha hupita "Computer Configuration", "Administrative Templates" na "Control Panel" mpaka afike penye "Settings Page Visibility". Hapo huchagua "Enabled" na kuandika agizo lake katika kisanduku. Toleo la Home halina programu hiyo ya gpedit, kwa hiyo agizo huandikwa katika sajili ya Windows, mahali ambapo kosa la herufi moja laweza kuleta madhara; asiyekuwa mzoefu asipaguse peke yake.

Agizo lenyewe ni la aina mbili. Likianza na neno hide: na kufuatwa na majina ya kurasa yaliyotenganishwa kwa nukta-mkato, kurasa hizo hufichwa na nyingine zote hubaki. Likianza na neno showonly: kurasa zilizotajwa ndizo zinazobaki, na nyingine zote hufichwa. Ndugu msomaji atazame vema tofauti hiyo. Katika aina ya kwanza mwalimu analazimika kuufikiria kila ukurasa anaouficha. Katika aina ya pili anaficha hata kurasa ambazo hajapata kuzisoma.

Sisi tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka hupenda njia fupi. Tuliandika showonly:about katika kompyuta zote 14. Mipangilio ikabakiwa na ukurasa mmoja tu, ule unaotaja jina la kompyuta na sifa zake. Kurasa nyingine zilitoweka pasipo kuacha dalili. Hapakuwa na kufuli wala tangazo kwamba palikuwa na kitu, maana kundi la kurasa likifichwa lote, hata jina la kundi huondolewa.

Amani ikarejea. Vipindi vilianza kwa wakati na kwisha kwa wakati, na Mkuu wa Chuo alitusifu mbele ya wakufunzi wenzetu kwa nidhamu ya chumba kile. Nasi tulijiona mafundi.

Katika darasa lile alikuwamo mwanachuo mmoja wa kike ambaye kazi zake za daftari zilikuwa nzuri, zimeandikwa kwa mwandiko mkubwa ulionyooka. Lakini katika chumba cha kompyuta alikuwa wa mwisho. Alikaa ameinama mno, uso karibu ugonge skrini, na mara nyingi alimwachia mwenzake kibodi akabaki kutazama. Mazoezi yake yalikuja nusu nusu. Tuliandika katika kumbukumbu zetu kwamba hana bidii na kwamba anawategemea wenzake. Zilipobaki wiki tatu kabla ya mtihani tulimwita ofisini tumwonye. Tulimwuliza kwa nini anapuuza somo ambalo atatakiwa kulifundisha.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani, Mwalimu. Siyaoni maandishi. Macho yangu ni dhaifu tangu utotoni."

Tukamwuliza kwa nini hakutuambia. Jibu lake hatujalisahau: "Nyumbani kwa mjomba nilionyeshwa mahali pa kuyakuza maandishi kwenye kompyuta yake. Nilipokuja hapa nilipatafuta, sikupaona. Nikadhani kompyuta za chuo hazina jambo hilo. Sasa ningelalamika nini, Mwalimu?"

Tuliona aibu. Ukurasa alioutafuta ulikuwamo katika kila kompyuta ya chumba kile. Huo ndio ukurasa unaoweza kuyakuza maandishi mpaka asilimia 225 ya ukubwa wake wa kawaida, nao umo katika kundi la kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri, wasiosikia vizuri, au wenye taabu ya kutumia mikono. Sisi tulilifuta kundi hilo lote kwa neno moja, kwa sababu ya watu waliogeuza picha kichwa chini. Tena hatukuwa hata tumelisoma.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Tulikuwa tumezoea kuielekeza methali hiyo kwa mwanafunzi anayeficha shida yake. Siku ile ilitugeukia sisi. Binti yule hakuficha kitu. Alitafuta dawa mahali alipofundishwa kuitafuta, akakuta mahali penyewe hapapo. Mlango uliofungwa mtu huugonga, au humwomba mwenye ufunguo. Mlango uliofichwa hakuna augongaye. Mwanafunzi hawezi kutofautisha kitu kisichokuwapo na kitu alichofichwa, na kwa hiyo hawezi hata kuuliza swali.

Mchana ule ule tulikwenda naye chumbani. Mkufunzi mwenzetu aliyetusindikiza alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, na mara kioo cha kukuzia kikafunguka juu ya skrini. Njia hiyo ya mkato ilikuwa ikifanya kazi muhula mzima, ijapokuwa ukurasa wake ulikuwa umefichwa. Kumbe tuliuficha mlango tu. Chumba kilikuwa wazi. Kama tungalilijua somo letu sawasawa, binti yule asingalipoteza hata wiki moja. Basi kosa letu lilikuwa na mizizi miwili: kuficha tusichokijua, na kutojua tunachokifundisha.

Tukaanza upya. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuwafungulia wanachuo akaunti za kawaida, zisizo na mamlaka ya msimamizi. Mtu wa akaunti hiyo hawezi kubadili saa wala tarehe ya kompyuta hata ukurasa wake ukiwa mbele ya macho yake. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kuficha ukurasa si kufuli. Kilichofichwa katika Mipangilio pengine hufikiwa kwa njia nyingine, kama tulivyoona. Panapohitajika kufuli, mwalimu atafute kufuli, asilitegemee pazia.

Jambo la pili, tuliliondoa lile agizo la showonly: na mahali pake tukaandika hide:display;dateandtime;regionlanguage na si zaidi. Kurasa hizo tatu ndizo zilizokuwa zimetusumbua. Hata hapo tulipima gharama, maana ukurasa hufichwa mzima mzima. Anayeuficha ukurasa wa skrini ili watu wasigeuze picha, anaficha pia kipimo cha kukuza vitu vyote kilichomo ndani yake. Tuliukubali upungufu huo kwa sababu ukurasa wa kukuza maandishi ulikuwa umerudi, na kila mwanachuo alikuwa amekwisha kuonyeshwa.

Jambo la tatu ndilo tunalolithamini zaidi. Tulibandika karatasi ukutani, karibu na ubao. Juu yake tuliandika: "Kurasa zilizofichwa kwa sasa." Chini yake tukaandika jina la kila ukurasa, sababu ya kufichwa kwake, na tarehe ya somo ambalo utafunuliwa. Ikawa kila wiki tunafundisha ukurasa mmoja, kazi yake, hatari yake, na namna ya kurudisha hali ya kwanza mtu akikosea. Kisha tulilifuta jina lake katika agizo na katika karatasi ya ukutani. Siku ya somo la skrini tuliwaagiza wanachuo wote waigeuze picha kichwa chini kwa makusudi, halafu wairudishe. Walicheka tena, na safari hii sisi tulicheka pamoja nao. Tangu siku ile hatukukuta kompyuta iliyopinduliwa, kwani mchezo uliofundishwa hadharani huisha utamu wa wizi.

Ilipofika wiki ya mtihani agizo lilikuwa tupu, na karatasi ya ukutani haikuwa na jina hata moja. Binti yule alifanya mtihani wake kwa maandishi makubwa, akafaulu. Kabla ya hapo tulikuwa tumemwomba awafundishe wenzake ukurasa wa kukuza maandishi, naye alifanya hivyo kwa ufasaha kuliko tulivyoweza sisi. Alama tulizompa mwanzoni, na yale maneno kwamba hana bidii, tuliyafuta kwa mkono wetu wenyewe katika kumbukumbu. Hata hivyo, wiki alizokaa ameinama mbele ya skrini asiyoiona hatukuweza kumrudishia.

Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliwataka walimu wayaandae mazingira ya mtoto kwa uangalifu, ili mtoto awe huru kati ya vitu vilivyochaguliwa kwa faida yake. Kuchagua huko ni kazi ya mwalimu, wala hapaswi kuionea haya. Kompyuta iliyo wazi yote humchanganya mtoto wa darasa la tatu, kama vile kabati lote la maabara lingemchanganya. Tunachosisitiza ni kwamba kipimo cha uchaguzi kiwe faida ya mtoto.

Ndugu wanachuo, wengi wenu mtapelekwa katika shule zenye kompyuta chache na watoto wengi, na siku moja mtashikwa na hamu ya kuficha kila kitu ili mpate utulivu. Siku hiyo jiulizeni maswali manne. Je, ninakifahamu ninachokificha? Je, yuko mtoto anayekihitaji ili aweze kujifunza kama wenzake? Je, nimewaambia watoto kwamba kipo, na kwamba kimefichwa? Na je, nimepanga siku ya kukifunua? Mwenye jibu la maswali hayo yote na afiche bila wasiwasi. Asiye na jibu hata la moja, na aache ukurasa wazi, aketi karibu na watoto, na awatazame wanavyokaa mbele ya skrini. Huenda akamwona aliyeinama.