Koplo Aliyelala Lindoni

Usingizi ni neema kwa kila kiumbe, lakini kwa askari aliye lindoni usingizi ni kosa. Karani akisinzia mezani hukemewa. Askari akisinzia na bunduki mkononi hushitakiwa, kwa kuwa uhai wa wenzake umekabidhiwa macho yake. Sheria hiyo ni ya haki, wala hakuna askari mwema anayeinung'unikia. Hata hivyo, yako maradhi yanayomjia mtu yakiwa yamevaa nguo za uvivu, na asiyeyajua huyapa adhabu badala ya dawa.

Habari ya koplo mmoja wa polisi wa mashariki ya Uganda yatosha kulionyesha jambo hilo. Mwaka 2000 koplo huyo alikuwa na umri wa miaka 38, na miaka 14 ya utumishi usio na doa. Hakuwa mnywaji. Buti zake ziling'aa, na watoto wake wanne walikwenda shule wakiwa safi. Mwezi wa Machi alipewa likizo fupi, akaenda kijijini kwake Teso. Vita na wizi wa mifugo wa miaka iliyotangulia vilikuwa vimeyaacha mazizi matupu, na wenyeji walikuwa wakinunua ng'ombe upya kutoka sehemu nyingine za nchi. Koplo na shemeji yake wakanunua ng'ombe watatu mnadani, wakawaswaga kwa miguu siku mbili, wakiwanywesha kando ya kinamasi chenye vichaka vingi. Inzi waliwauma sana njiani. Lakini nani aliyewahi kuweka kumbukumbu ya inzi waliomwuma?

Siku chache baada ya koplo kurudi kambini, mkewe aliona uvimbe mwekundu nyuma ya bega lake, mfano wa jipu lisilo na usaha. Aliukanda kwa maji moto na chumvi. Baada ya wiki mbili uvimbe ulinywea, nao ukasahauliwa.

Kisha ikaja homa. Koplo alikwenda zahanati, akapewa klorokwini bila kupimwa, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Homa ikatulia, ikarudi. Safari ya pili alipimwa damu, akaambiwa ana malaria. Jibu hilo halikuwa la uongo. Katika sehemu zenye mbu wengi, mtu mzima anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu hata kama si hivyo vinavyomlaza kitandani. Jibu lilikuwa nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hufunga mlango wa kuitafuta nusu iliyobaki. Akachomwa sindano za kwinini. Homa ikatulia tena, ikarudi tena. Safari ya tatu ikasemwa kuwa ni homa ya matumbo, akapewa dawa nyingine.

Mwezi wa Mei tabia yake ilianza kubadilika. Mtu aliyekuwa mpole akawa mkali kwa jambo dogo kama chumvi kupungua katika mboga. Alimpiga kofi mwanawe wa kwanza, jambo ambalo hakulifanya tangu mtoto huyo azaliwe, kisha akakaa chini akalia. Mikono ilimtetemeka alipofunga vifungo vya sare. Akakonda. Kambini maneno hayakosi: wengine walisema ameanza kunywa waragi kwa siri, wengine wakanong'ona juu ya UKIMWI. Koplo alikwenda kupimwa, akaonekana hana virusi. Hapo ndipo wazee wa ukoo waliposema amerogwa kwa ajili ya wale ng'ombe, na ng'ombe mmoja kati ya watatu akauzwa kumlipa mganga.

Siku moja ya mwezi wa Juni, saa tisa mchana, sajini wa zamu alimkuta koplo amelala kwenye lindo la ghala la silaha, ameegemea ukuta, bunduki imeteleza miguuni. Alimwita mara mbili hakuamka. Alipoamshwa kwa kutikiswa alizungumza maneno yasiyoeleweka, ulimi mzito. Sajini akaandika kile alichokiona: askari amelewa lindoni. Hakuwa na chuki naye. Askari yeyote angeandika hivyo.

Mashtaka yakafunguliwa. Kosa la namna hiyo laweza kumfukuzisha mtu kazi, na akifukuzwa, familia huondoka katika nyumba ya serikali, na karo ya watoto hukatika. Mke wa koplo alifahamu vizuri kilichokuwa mbele yake. Siku ya kusikilizwa kesi alikwenda na daftari lake la matumizi ya nyumbani, akaomba ruhusa ya kusema. Inspekta aliyesikiliza kesi hiyo angeweza kumkatalia, alimruhusu.

"Afande," alisema, "mimi sikuja kuomba huruma. Nimekuja kusema ninayoyaona usiku. Mlevi hulala usiku. Huyu usiku halali. Huamka saa saba akazunguka nyumba, akafungua mlango akaufunga, mpaka majogoo. Kunapopambazuka ndipo usingizi humshika, hata kijiko kikiwa mdomoni. Pombe gani hiyo inayomlevya mtu mchana na kumkesheza usiku?"

Akafungua daftari. Kati ya bei za sukari, sabuni na mafuta ya taa, alikuwa ameandika kila siku aliyonunua dawa, na kila siku homa iliporudi. Tarehe zilionyesha kwamba katika wiki kumi mumewe alitibiwa mara tano, wala hakupata wiki mbili kamili za uzima. Inspekta alilitazama daftari kwa muda, akaahirisha kesi, akaandika barua ya kumpeleka koplo hospitali kubwa.

Huko walimkuta mpimaji wa maabara aliyekuwa karibu kustaafu. Hakuanza na sindano. Alianza na maswali: Kabla ya homa ya kwanza alikuwa wapi? Alitembea njia gani? Aliumwa na inzi? Je, palitokea uvimbe wowote mwilini? Mke akakumbuka lile jipu la begani ambalo hakuna tabibu aliyewahi kuliuliza, naye hakudhani linastahili kutajwa. Mzee yule akachukua tone la damu, akaliweka mbichi chini ya darubini, akakaa kimya. Kisha akamwita mama huyo achungulie mwenyewe. Katikati ya chembe za damu palikuwa na kitu chembamba kilichojinyonga kama nyoka mdogo, kikizisukuma chembe huku na huku. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Maji ya uti wa mgongo yalipotolewa na kupimwa, ilionekana vijidudu vimekwisha fika kwenye ubongo.

Koplo alikuwa na bahati, lakini haikuwa bahati ya bure. Dawa iliyokuwapo kwa malale ya mashariki yaliyofika kwenye ubongo ilikuwa melasoproli, iliyotengenezwa kwa aseniki, ambayo ni sumu. Ilichoma mshipa kama moto, na karibu mgonjwa mmoja katika kila 20 aliuawa na dawa yenyewe. Mke alielezwa hayo kabla ya kutia sahihi. Alitia sahihi, kwa kuwa malale ya namna hiyo yasipotibiwa huua, mara nyingi kabla miezi sita haijapita. Koplo alilazwa wiki nyingi. Siku moja mke aliingia wodini alfajiri, akamkuta amelala usingizi mzito, na muuguzi akamwambia alilala hivyo tangu saa tatu ya usiku. Mama huyo akakaa pembeni bila kumwamsha. Miezi yote hiyo aliukimbiza usingizi wa mumewe kama mwizi. Asubuhi ile aliukaribisha.

Mtu asidhani kwamba matabibu wa zahanati walikuwa wajinga kuliko wengine. Malale yamewapoteza njia mabingwa wakubwa. Mwaka 1901, nchini Gambia, daktari mmoja Mwingereza, Robert Forde, alimpokea nahodha wa meli ya mtoni mwenye homa, akamtibu kwa kwinini akidhani ni malaria. Homa ilipokataa kuondoka alipima damu, akaona vijidudu asivyovijua. Miezi michache baadaye ndipo mwenzake, Joseph Dutton, alipovitambua kuwa ni tripanosoma. Wakati huo huo, kwenye kingo za Ziwa Viktoria, hasa Busoga, watu walikuwa wakifa kwa wingi; hesabu ya waliokufa mwanzoni mwa karne ile inapita 200,000. Wataalamu walioletwa Entebbe mwaka 1902 walitazamia kumkuta mnyoo mdogo wa damu. Mmoja wao, Aldo Castellani, kwanza alidhani chanzo ni bakteria. Baadaye akaona tripanosoma katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 yeye na David Bruce walisaidia kuthibitisha kwamba hicho ndicho kijidudu kinachotafutwa, naye Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wake. Ikiwa mabingwa walitangulia kukosea, tabibu wa zahanati asitukanwe. Afundishwe kuuliza tena.

Uganda ina sababu ya pekee ya kuukumbuka ugonjwa huu, kwani ndiyo nchi yenye malale ya aina zote mbili. Ya kaskazini magharibi hutembea polepole, hata miaka, na mara nyingi huvimbisha matezi nyuma ya shingo. Ya mashariki hukimbia, na hujificha ndani ya ng'ombe wasioonyesha dalili kubwa. Mwishoni mwa mwaka 1998 yalizuka Soroti, mahali ambapo hayakuwapo, na uchunguzi ukaonyesha kwamba yaliletwa na mifugo iliyonunuliwa kutoka sehemu zenye ugonjwa. Kwa hiyo mwaka 2006 ilianza kampeni kubwa ya kuwadunga ng'ombe dawa na kuwanyunyizia dawa ya kuua mbung'o. Kumponya ng'ombe ikawa njia ya kumlinda mchungaji wake.

Kazi hiyo na nyingine kama hiyo zimezaa matunda. Mwaka 2022 Shirika la Afya Ulimwenguni lilithibitisha kwamba Uganda imeyashinda malale ya aina ya kaskazini magharibi kama tatizo la afya ya umma. Mwaka 2024 shirika hilo likatoa mwongozo unaoyapa kipaumbele matibabu ya vidonge vya feksinidazoli hata kwa malale ya mashariki, ili wagonjwa wengi waepushwe na ile dawa ya aseniki. Ni habari njema. Lakini ugonjwa ukipungua, wanaoujua nao hupungua. Tabibu kijana aweza kumaliza miaka kumi bila kumwona mgonjwa mmoja wa malale. Tena, siku hizi malaria hupimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Ni kipimo chema, kimeokoa wengi, lakini hujibu swali moja tu. Zamani mpimaji aliyetafuta malaria kwa darubini aliweza kukutana na tripanosoma bila kutarajia. Kipimo cha haraka hakiwezi kumwonyesha asichoulizwa.

Hapo ndipo kazi ya nyumbani inapoanza. Daktari humwona mgonjwa dakika chache; mke, mume au mama humwona usiku na mchana. Homa ikirudi baada ya dawa kumalizika ipasavyo, siku ya kuanza na siku ya kurudi ziandikwe. Safari zitajwe: msituni, ziwani, mbugani, mnadani. Kila uvimbe na kila kidonda kisemwe, hata kikiwa kimepona. Zaidi ya yote, mabadiliko ya tabia yasifichwe kwa aibu. Mficha maradhi kifo humwumbua, na maradhi mengine ya mwili hutangulia kuonekana katika hasira, machozi na usingizi. Naye mkubwa wa kazi, akimwona askari mwema ameharibika ghafula, amwulize mkewe kabla ya kufunga jalada.

Koplo alirudi kazini mwaka uliofuata. Mashtaka yalifutwa kwa barua, na barua hiyo mke aliibandika ndani ya daftari la matumizi. Mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka kidogo, hivyo akapewa kazi ya kuandika kumbukumbu badala ya ulinzi.

Jioni moja sajini aliyemshitaki alifika nyumbani kwao na mkungu wa matoke. Alikunywa chai, akakaa kimya kwa muda. Kisha akamwambia mama mwenye nyumba kwamba miaka mitatu kabla ya hapo, katika kituo kingine, alimkuta konstebo mmoja amelala lindoni mchana, akaandika maneno yale yale. Konstebo yule alifukuzwa, akarudi kwao, na baada ya miezi michache ikasikika kuwa amekufa.

"Shemeji," alisema, "sijui alikuwa na nini. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza."

Mke wa koplo hakumlaumu wala hakumfariji. Alimwongezea chai. Tangu siku hiyo, wasema askari wa kituo kile, sajini akimkuta mtu amesinzia lindoni bado humwandika, kama sheria inavyomtaka. Ila kwanza huenda nyumbani kwake, akapiga hodi, akauliza: "Usiku analala?"