Kipaji cha binti hakitembei peke yake

Mama anayempeleka mtoto kliniki anajua kusoma mstari wa kwenye kadi. Ukipanda anafurahi, ukilala anauliza kulikoni, na nesi anamweleza la kufanya. Mtoto akitimiza miaka mitano, kadi ile inawekwa kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa, na baada ya hapo hakuna kadi nyingine. Binti mwenye akili ya hesabu hana mstari wa kuonyesha kama akili hiyo inapanda au imelala. Wazazi wengi hugundua amechelewa siku anaporudi nyumbani na kusema hesabu si za wasichana.

Ndiyo maana habari za wanawake waliofanya kazi katika kituo cha utafiti cha Langley, jimbo la Virginia nchini Marekani, zinafaa kusomwa na wazazi. Wengi wanawakumbuka kutokana na filamu ya Hidden Figures ya mwaka 2016, iliyotokana na kitabu cha Margot Lee Shetterly. Walioitazama hukumbuka zaidi jinsi wanawake wale walivyokuwa na akili. Kwa mzazi, sehemu ya kusoma taratibu ni ile ya watu waliowashika mkono, na ya muda uliopita kabla majina yao hayajatajwa.

Kompyuta alikuwa mtu

Kabla kompyuta haijawa mashine, lilikuwa jina la kazi. Kompyuta alikuwa mtu aliyekaa mezani na kalamu, karatasi na mashine ya kukokotoa, akifanya hesabu ambazo wahandisi hawakuwa na muda nazo. Langley iliajiri wanawake watano wa kwanza kwa kazi hiyo mwaka 1935. Vita Kuu ya Pili ilipoongeza mahitaji ya ndege, ikawahitaji wengi zaidi, na mwaka 1943 ikaanza kuchukua wanawake weusi waliosoma hesabu.

Waliajiriwa, lakini walitengwa. Ofisi yao ilikuwa upande wa magharibi wa kituo, choo chao peke yao, na kwenye bwalo la chakula meza yao iliwekwa kibao cha kuonyesha kwamba hapo ni pa weusi. Mmoja wao, Miriam Mann, alikuwa akikichukua kibao hicho na kukitia kwenye mkoba wake. Kikawekwa kingine, akakichukua tena, mpaka siku moja hakikurudi.

Dorothy Vaughan aliingia hapo Desemba 1943. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Farmville, mke wa mtu na mama. Alidhani ni kazi ya muda, vita ikiisha angerudi darasani, kwa hiyo mwanzoni aliwaacha watoto Farmville na familia ya mumewe. Hakurudi. Mwaka 1949 alikabidhiwa uongozi wa kitengo cha wanawake wale, kwanza kwa kukaimu, na ilichukua zaidi ya mwaka kuthibitishwa. Akawa msimamizi wa kwanza mweusi katika shirika zima, ambalo baadaye lilikuja kuwa NASA.

Bosi aliyejua thamani ya mtu wake

Mwaka 1953 alimpokea mfanyakazi mpya, Katherine Goble, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Katherine Johnson. Alikuwa na miaka 34 na mabinti watatu. Hakukaa hata mwezi katika kitengo hicho. Baada ya wiki mbili Dorothy alimpeleka kwa muda kwenye idara ya utafiti wa ndege zinaporuka, mahali penye kazi ngumu zaidi na wahandisi wanaume watupu.

Miezi ikapita. Idara ile ilikuwa inamtumia vizuri, lakini bado ilimhesabu kama mtu wa kuazimwa. Dorothy akaenda kwa mkuu wa idara na kumpa mambo mawili achague: ampandishe mshahara au amrudishe. Katherine akapandishwa, akabaki.

Hicho ndicho kitu ambacho wasomi wa siku hizi hukiita umenta. Watu wakilisikia neno hilo hufikiria semina, vyeti na kupiga picha na mgeni rasmi. Dorothy alifanya kitu kidogo na kigumu zaidi. Alikuwa na mfanyakazi bora kuliko wote ofisini kwake, naye akamwachia aende mahali atakapokua, kisha akahakikisha hanyonywi huko alikokwenda. Mwenye kumpenda mtu kwa manufaa yake mwenyewe angemficha.

Baba aliyehamisha familia

Lakini Katherine hakufika Langley kwa mkono wa Dorothy tu. Kabla yake kulikuwa na baba.

Katherine alizaliwa mwaka 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, West Virginia. Alikuwa mtoto wa kuhesabu kila kitu, hatua za kwenda barabarani, ngazi za kanisa, sahani na vijiko alivyoosha. Tatizo ni kwamba katika wilaya yao, mtoto mweusi akimaliza darasa la nane ndiyo mwisho. Sekondari ya kumpokea haikuwepo.

Baba yake, Joshua Coleman, alikuwa mkulima na mkata mbao, na alifanya pia vibarua vya hapa na pale. Alipanga nyumba katika mji wa Institute, takriban kilomita 200 kutoka kwao, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Morogoro, kwa sababu huko kulikuwa na sekondari ya weusi. Mama na watoto wanne wakawa wanakaa huko muhula wa masomo, baba akabaki kwao kutafuta fedha. Katherine aliingia sekondari akiwa na miaka kumi.

Familia kuishi nyumba mbili si jambo dogo, na baba wa wakati ule angeweza kusema mtoto wa kike akijua kusoma na kuandika inatosha. Hakuna mtu aliyemhakikishia Joshua Coleman kwamba binti yake angefika popote. Hata kazi ambayo Katherine alikuja kuifanya, ya kukokotoa njia ya chombo cha anga, ilikuwa haijawahi kuwepo duniani.

Chuoni alikutana na mwalimu, William Claytor, mmoja wa Wamarekani weusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya hesabu. Claytor alimwambia angefaa kuwa mtafiti wa hesabu, kisha hakuishia kwenye kumsifu. Somo la jiometri ya anga, ambalo msichana huyo angelihitaji, halikuwepo kwenye ratiba, basi akalianzisha. Mwanafunzi darasani alikuwa mmoja. Katherine alihitimu mwaka 1937 akiwa na miaka 18.

Baadaye alianza masomo ya juu, akayaacha kwa ajili ya ndoa na malezi, akafundisha shule kwa miaka mingi. Ukihesabu kutoka siku alipohitimu hadi siku alipoingia Langley, ni miaka 16. Wazazi wenye binti aliyesimamisha masomo kwa sababu ya ndoa au mtoto wasiisome miaka hiyo kama kosa. Waisome kama ushahidi kwamba kusimama si kufika mwisho, ili mradi mlango ubaki wazi na awepo mtu wa kumkumbusha kwamba upo.

Jina kwenye jalada

Katika utafiti, kazi bila jina ni kama chakula kilichopikwa na mtu wa jikoni asiyeitwa mezani. Mwanamke angekokotoa hesabu zote za ripoti, na ripoti ikatoka na jina la mhandisi peke yake. Vyeo, mshahara na heshima vilikwenda kwa mwenye jina.

Katherine aliuliza kwa nini haingii kwenye vikao vya wahandisi, ambako ripoti zilijadiliwa. Akaambiwa wanawake hawaingii. Akauliza kama kuna sheria inayokataza. Sheria haikuwepo, ilikuwa mazoea tu. Aliendelea kuuliza mpaka akaingia. Mwaka 1960 ikatoka ripoti kuhusu hesabu za kukiweka chombo juu ya sehemu fulani ya dunia, ikiwa na jina lake pamoja na la mhandisi Ted Skopinski. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mwanamke katika idara yake kutajwa kama mwandishi wa ripoti ya utafiti.

Miaka miwili baadaye, kompyuta sasa ikiwa mashine, mwanaanga John Glenn alikuwa anajiandaa kuizunguka dunia. Mashine ilikwishatoa majibu, lakini Glenn alitaka Katherine ayapitie kwa mkono kwanza. Aliyapitia, yakalingana, na tarehe 20 Februari 1962 Glenn akaruka, akazunguka mara tatu na kurudi salama.

Aliyewashika mkono wengine

Dorothy Vaughan yeye alikuwa ameona mapema kwamba mashine zitachukua kazi ya kukokotoa kwa mkono. Akajifunza lugha ya kompyuta iitwayo Fortran, na akawafundisha wanawake wake ili mashine zitakapotawala wasiachwe nje. Mwaka 1958 shirika likawa NASA na vitengo vya kubagua rangi vikafutwa. Lilikuwa jambo jema, lakini kwa Dorothy lilikuwa na uchungu wake, kwa sababu kitengo kilichofutwa ndicho alichokuwa akikiongoza. Aliendelea na kazi mpaka alipostaafu mwaka 1971, na cheo cha uongozi hakupewa tena.

Alifariki mwaka 2008, miaka minane kabla ya kitabu na filamu. Mwenzake Mary Jackson, aliyekuwa chini yake kabla ya kuwa mhandisi wa kwanza mwanamke mweusi wa NASA mwaka 1958, alifariki mwaka 2005. Medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani ilipitishwa kwa ajili yao mwaka 2019. Makao makuu ya NASA yalipewa jina la Mary Jackson mwaka 2020. Katherine pekee kati ya hao watatu aliona heshima kwa macho yake: nishani ya Rais mwaka 2015 akiwa na miaka 97, na jengo la utafiti wa kompyuta huko Langley lililofunguliwa kwa jina lake mwaka 2017. Alifariki mwaka 2020 akiwa na miaka 101.

Mary Jackson ndiye anayempa mzazi swali gumu kuliko wote. Ili awe mhandisi ilibidi asome masomo ya jioni katika shule ya wazungu, na aliomba kibali cha mji kuingia humo. Alikipata, akasoma, akawa mhandisi kwa miaka mingi. Kisha akaona ngazi haipandi tena. Mwaka 1979 alikubali kushuka cheo ili apate nafasi ya kusimamia ajira na maendeleo ya wanawake kazini. Aliuacha uhandisi alioupigania ili wanaokuja wasipiganie jambo lile lile. Katika miaka hiyo ya sabini pia aliwasaidia watoto wa klabu ya sayansi mtaani kwake kutengeneza mtambo wao wa kujaribia ndege kwa upepo.

Mtu anaweza kusema alijitoa. Anaweza pia kuuliza ni wahandisi wangapi wanaume waliolazimika kuchagua kati ya kazi yao na kuwasaidia wadogo zao. Mzigo wa kuwalea wanawake wenzao uliwaangukia wale wale wachache waliopenya, na ndio waliokuwa na muda mdogo kuliko wote.

La kufanya nyumbani

Hakuna mzazi anayelazimika kujua kompyuta ili amlee mtafiti wa kompyuta. Joshua Coleman hakuwa profesa. Kinachotakiwa ni kujua mtoto anapenda kufanya nini asipotumwa. Binti anayefungua redio mbovu kuona ndani, anayepanga bei za dukani kichwani, anayeuliza simu inajuaje sura ya mwenyewe, ameshaonyesha dalili. Asiambiwe anaharibu vitu kabla hajaulizwa alikuwa anatafuta nini.

Pili, atafutiwe mtu. Shangazi anayefanya kazi benki kwenye kitengo cha mifumo, kijana wa jirani aliye chuo kikuu, mwalimu wa fizikia anayebaki shuleni baada ya kengele. Saa moja kwa mwezi na mtu anayeifanya kazi hiyo inamfundisha binti jambo ambalo kitabu hakisemi, kwamba na yeye anaweza kuwa humo. Mzazi ajue mtu huyo ni nani, wanakutana wapi na saa ngapi, kwa sababu ulinzi wa mtoto hauwekwi kando kwa jina la masomo.

Tatu, afundishwe kuuliza kwa adabu swali alilouliza Katherine. Akiambiwa wasichana hawaingii kwenye klabu fulani au hawagusi mashine fulani, aulize kama ni sheria au ni mazoea. Na akifanya kazi ya kikundi shuleni, mzazi aangalie jina lake limeandikwa wapi kwenye karatasi, kwa sababu tabia ya kufanya kazi yote na kumwachia mwingine aiwasilishe huanzia darasani.

La mwisho linawahusu wanaowalea watoto wetu kimya kimya. Dorothy Vaughan hakuishi kuisikia dunia ikimshukuru. Mwalimu wa hesabu wa binti yako yupo, na kikao cha wazazi kinakuja. Mtaje kwa jina mbele ya mwalimu mkuu, mwambie alichokifanya, na binti awepo asikie.