Peke Yangu Katika Msitu wa Kakamega

Eda yangu ilipokwisha, ile miezi 4 na siku 10, nilidhani kilichobaki ni kufungua mlango na kutoka. Haikuwa hivyo. Wanangu, Mwenyezi Mungu awabariki, walikuwa wamekwisha nipangia kila jambo: huyu anipeleke sokoni, yule anilipie umeme, na baada ya Ramadhani nyumba yetu ya Mombasa ikodishwe, nami nihamie kwa mkubwa wao. Kila walilosema nililiitikia. Kwa miaka 31 sikuwahi kuamua neno pasi na marehemu, na alipoondoka nilijiona sina kauli.

Katika hali hiyo wifi yangu aliyeolewa Mumias aliniita nikapumzike kwake. Kijana wangu wa mwisho akanisindikiza. Mumias si ugenini kwa mtu wa pwani. Huo ndio mji wa Nabongo Mumia, na misafara ya wafanyabiashara wa kwetu ilifika huko katika karne ya 19. Uislamu ukapata makao, na adhana husikika hadi leo. Siku ya tatu wifi akasema twende tukauone msitu wa Kakamega.

Tulipita Khayega na Shinyalu, mashamba na nyumba zimesongamana kila upande. Kisha mashamba yakakoma ghafla na miti ikasimama mbele yetu kama ukuta. Tulikuwa tumefika Isecheno. Msitu huu, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 240, ni kipande cha mashariki cha msitu mkubwa wa mvua uliowahi kutanda kutoka Kongo. Ulianza kuhifadhiwa na serikali mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini, Buyangu, ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kwetu tuna Shimba na Arabuko-Sokoke, lakini huko kuna ndovu, si mahali pa mtu kutembea peke yake.

Magoti ya wifi yalikuwa yakimsumbua, akaketi kivulini na chupa yake ya chai. Mlinzi akanionyesha njia fupi inayozunguka na kurudi palepale, akaniusia nitazame ninapokanyaga kwa ajili ya nyoka, na nirudi mapema, kwani mvua hunyesha sana alasiri. Kijana wangu akainuka anifuate. Wifi akamshika mkono. "Muache mamako," akasema.

Hatua 50 tu, na sauti za barabara zikakatika. Mwanga ulikuwa hafifu kama wa chumba kilichofungwa madirisha mchana. Majani yaliyooza yalikuwa yamelala tabaka juu ya tabaka, mguu ukididimia kama kwenye godoro. Miti ilipanda juu hata shingo iliuma kuitazama. Mbega waliruka tawi hadi tawi, manyoya yao marefu meupe yakipepea kama pindo za kanzu. Hondohondo wawili wakapita, mabawa yao yakivuma hata nikadhani upepo umeanza.

Sitaficha: niliogopa. Sikuogopa nyoka tu, bali ule ukimya wenyewe, kwa sababu ulifanana na wa chumbani kwangu usiku. Mara tatu niligeuka nyuma kumwambia marehemu, "Tazama," nikakuta njia tupu.

Mbele kidogo njia ilipinda kuupisha mti mkubwa ulioanguka. Pale uliposimama zamani palibaki uwazi juu, na jua lilishuka hadi chini. Katika uwazi huo miche ilikuwa imejaa, mamia kwa mamia, yote imeelekea juu. Mlinzi alinieleza baadaye kwamba miche ya namna hiyo huweza kukaa kivulini miaka mingi, mifupi, ikiishi kwa mwanga kidogo, mpaka mti mkubwa uanguke ndipo irefuke. Gogo lenyewe lilikuwa limeota uyoga, na mchwa walikuwa wakililа taratibu, likiirudishia ardhi chakula.

Nikakaa juu ya gogo lile, nikamsomea mume wangu Fatiha. Nikaikumbuka aya ya Surat Al-An'am inayotaja jani liangukalo na elimu ya Mola wetu. Nikalia, na hapakuwa na mtu wa kuniambia ninyamaze.

Hapo wakanikuta wanawake watatu wenye mizigo ya kuni kavu vichwani. "Mulembe," wakanisalimu, neno la Waluhya lenye maana ya amani, nami nikaona halina umbali na salamu yetu. Mkubwa wao akaniuliza, "Mama, uko na nani?"

"Niko peke yangu," nikajibu.

Tangu msiba sikuwahi kulitamka neno hilo, na nilipolitamka halikuniangusha. Yeye hakushangaa hata kidogo. "Basi shika mkono wa kulia," akasema. "Kushoto kuna matope."

Nikashika mkono wa kulia. Nilipotokea, kijana wangu alikuwa amesimama penye mdomo wa njia, bila shaka hakuwa ameketi tangu niondoke. "Mama, umechelewa," akasema. Nikamwambia, "Nimefika."

Tukaswali adhuhuri, na tulipokuwa garini mvua ikaanza. Nikasema, "Mwanangu, nyumba haikodishwi. Nitakaa kwangu. Nyinyi njooni kila Ijumaa mle pilau kama tulivyozoea." Akanyamaza, kisha akasema, "Inshallah, mama. Nitawaambia wenzangu." Wifi hakusema neno, aliniminya kidole tu.

Dada yangu, ukijaliwa kwenda Kakamega, nenda asubuhi, vaa viatu vya kufunika mguu, chukua koti la mvua, na mwambie mlinzi njia utakayoshika. Kama huna uhakika, chukua mwongozaji. Nanyi wenye mama waliotoka edani, wasaidieni, lakini waulizeni kwanza wanataka nini. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atupe subira sisi tuliobaki. Amin.