Samaki Mkunje Angali Mbichi

Methali hii imetajwa katika hotuba nyingi za siku za wazazi hata samaki mwenyewe akasahaulika. Mwanafunzi humwona mtoto na kiboko. Ni nadra aulizwe kwa nini samaki akicheleweshwa hakunjiki. Mvuvi wa Lamu anajua tu kwamba samaki aliyetoka majini punde hujipinda kapuni, na kwamba saa chache baadaye mwili ule ule huwa kama ubao.

Jibu limo katika nyuzi za misuli. Ndani ya kila uzi mna vijiuzi vya protini, vinene na vyembamba, vinavyopishana kama vidole vya mikono miwili, jambo lililobainishwa na watafiti mwaka wa 1954. Vile vinene vina vichwa ambavyo hushika vile vyembamba, vikavuta, vikaachia, vikashika tena. Ajabu ni kwamba kinachohitajika ili kichwa kiachie ni ATP, kemikali ambayo mwili huiunda kutokana na chakula. Ikiisha, kilichoshika hubaki kimeshika. Maiti basi haikakamai kwa kupata nguvu, bali kwa kuishiwa.

Msuli hai nao una ukakamavu wake. Ukivutwa ukiwa umepumzika hukinza, kwani mna protini ndefu iitwayo titini, iliyo mithili ya springi, ukiachiliwa, hurejea. Yamkini wapo watakaopendelea istilahi ‘ugumu’, wakihofia kwamba ukakamavu ni sifa ya jasiri. Lakini ugumu ni wa jiwe. Hausemi lolote kuhusu kuvutwa na kurejea. Tena Kiswahili kimekwisha kumpa jasiri na maiti shina moja, wala hakijawachanganya.

Waislamu wa Pwani hawakungoja maabara. Mtu akikata roho hufumbwa macho, hufungwa taya kwa kitambaa, na viungo vyake hukunjwa na kunyooshwa taratibu. Taya ni miongoni mwa sehemu zinazotangulia kukakamaa, saa chache tu baada ya kifo, na joto huharakisha. Binti anayemfunga mamake kitambaa hicho hawazii vijiuzi. Anauwazia uso ambao jamaa watauaga, na muda alio nao ni mfupi.

Baadaye, aghalabu baada ya siku moja au mbili, mwili hulegea tena. Si kwamba vichwa vimeachia. Nyuzi zenyewe zimeanza kumeng’enyeka. Kufikia hapo, kwa desturi ya huko, kaburi limekwisha kufukiwa.