Ziwa Lililopumzishwa

Kaskazini mwa jimbo la Minnesota, nchini Marekani, kuna ziwa kubwa ambalo watu wake walikubali kulipumzisha kwa miaka mingi ili samaki wapate kurudi. Linaitwa Red Lake, maana yake Ziwa Jekundu. Tulilitembelea mwezi wa Mei, majira ya kuchipua, siku zile ambazo jimbo zima hushika ndoana. Karibu, msomaji mpenzi, tufuatane. Safari ni ya mbali, lakini tuliyojifunza huko yanamhusu kila mama anayebeba kikapu kwenda sokoni.

Njia ya kaskazini

Minnesota ni jimbo la maziwa. Yako zaidi ya 10,000. Pia ni makao ya watu wengi kutoka Afrika Mashariki. Wasomali ndio wengi zaidi, lakini Wakenya nao si haba, na mtu anaweza kusalimiwa kwa Kiswahili dukani huko Minneapolis akadhani yuko nyumbani. Mwenyeji wetu alikuwa dada mzaliwa wa Mwanza, ambaye ameolewa huko na kulea watoto wake huko. Yeye amekulia penye sato na sangara, na jioni ya kwanza alituambia, “Jamani dada zangu, msirudi nyumbani mkasema mmeiona Minnesota kama hamjamla wolai.”

Basi tukaondoka alfajiri, wanawake wanne na vyombo vya chai. Kutoka Minneapolis hadi kijiji cha Waskish, ukingoni mwa ziwa, ni karibu kilomita 400. Kwanza tulipita mashamba mapana ya mahindi na soya, ambayo bado yalikuwa meusi kwa kuwa mbegu ndiyo kwanza zinapandwa. Kisha misitu ya misonobari ikaanza. Mwishowe nchi ikawa tambarare na yenye maji, kinamasi kisicho na mwisho. Hapo Waskish wamejenga njia ya mbao yenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi, inayokuingiza katikati ya kinamasi bila kulowa mguu. Tuliipitia polepole tukinyoosha viungo baada ya safari.

Ziwa lenyewe ni mawili yaliyounganishwa na mlango mwembamba: la juu na la chini. Kwa pamoja yana ukubwa unaozidi kilomita za mraba 1,100. Ziwa Victoria lingeweza kuyameza mara 50 na zaidi, lakini ukisimama pwani ya Waskish huoni ng’ambo, unaona maji na mbingu tu. Ziwa la juu lina kina kifupi, halifiki mita sita, na kwa sababu hiyo upepo mdogo tu hulichafua likawa na mawimbi makali. Wakati wa baridi huganda likawa kama sakafu, watu wakapita juu yake kwa magari. Barafu huvunjika mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei.

Samaki mwenye jicho la paka

Wolai ni samaki mrefu, mwembamba, rangi yake kati ya kijani na dhahabu, tumbo jeupe, na pezi la mgongoni lina miiba inayochoma mkono usio makini. Jina lake la Kiingereza linatokana na macho yake. Ndani ya jicho mna utando unaorudisha mwanga, kama wa jicho la paka, kwa hiyo huona vizuri gizani na katika maji machafu. Ndiyo maana hupenda kula magharibi na mapambazuko, na ndiyo maana mvuvi wake hana budi kuamka mapema. Waojibwe, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, humwita ogaa. Tangu mwaka 1965 wolai ni samaki rasmi wa jimbo la Minnesota.

Barafu inapoyeyuka tu, majike hupanda mitoni na penye changarawe kuzaa. Jike mkubwa hutaga mayai laki moja na zaidi, kisha huyaacha. Hatengenezi kiota wala halindi watoto. Mayai mengi huliwa au hufa, na wachache sana hufika utu uzima. Jike naye hakui upesi: katika maji hayo ya baridi huchukua miaka minne, mitano, hata sita kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Tafadhali mama, shika hesabu hiyo, tutairudia.

Ili samaki wazae kwa amani, sheria hufunga uvuvi wa wolai kuanzia mwishoni mwa Februari. Hufunguliwa tena Jumamosi moja katikati ya Mei, na mara nyingi Jumamosi hiyo huangukia mwisho wa wiki wa Siku ya Mama. Kwa hiyo jimbo liliweka utaratibu wa kupendeza: siku hizo mbili za mama, kila mama mkazi wa Minnesota huruhusiwa kuvua bila kulipia leseni. Mwenyeji wetu akajivuna, akakaa pembeni akitutazama sisi wageni tukilipa zetu.

Majini

Siku ya kufunguliwa uvuvi tuliamka bado giza. Mei ya huko si Mei ya pwani yetu. Nyasi zilikuwa na umande ulioganda, na tulivaa sweta juu ya sweta, kisha jaketi za kujiokolea juu ya vyote. Mzee mwenye boti, ambaye mwenyeji wetu alimwita Babu naye akalizoea jina hilo, alitutoa hadi karibu na mdomo wa mto Tamarac. Kina kilikuwa cha kumfika mtu kifuani. Boti nyingine zilikuwa zimetia nanga kila upande, na hapakuwa na kelele ila sauti ndogo za watu na harufu ya kahawa.

Chombo chenyewe ni chepesi: ufito mfupi, mshipi mwembamba, na ndoana yenye kichwa kidogo cha risasi kilichopakwa rangi. Chambo ni kisamaki hai cha urefu wa kidole. Unashusha mpaka kichwa kiguse chini, unakiinua kidogo, unakiachia, unangoja. Wolai hapigi kwa nguvu. Mwanzoni utahisi uzito tu, kama mtoto anayekuvuta upindo wa kanga akitaka kusema jambo.

Wa kwanza alimpata mwenyeji wetu. Babu alimtia kwenye wavu wa mkono, na kabla hatujashangilia akamlaza juu ya rula iliyobandikwa ndani ya boti. Alikuwa jike mzito, mzuri wa kuchemsha na nazi. Babu akatikisa kichwa, akalowesha mikono, akamrudisha ziwani. Tukapigwa na butwaa. “Huyo ni mama,” akasema. “Mama tunawarudisha. Wadogo kidogo ndio wa sufuriani.”

Hivyo ndivyo kanuni ilivyo katika ziwa hilo. Kila mwaka wataalamu huhesabu, kisha hutangaza mtu mmoja achukue wangapi na wa urefu gani, na wakubwa ndio hulindwa zaidi. Mpaka mchana sote wanne tulikuwa tumepata wa kututosha, na tulikuwa tumerudisha wengi kuliko tuliobaki nao.

Miaka ya ziwa tupu

Lakini kwa nini watu wawe wakali hivyo juu ya samaki? Babu alituonyesha upande wa magharibi, mahali pasipo boti hata moja. Huko unapita mpaka usioonekana. Ziwa lote la chini, na zaidi ya nusu ya lile la juu, ni mali ya Waojibwe wa Red Lake, na mgeni haruhusiwi kuvua humo bila idhini yao. Sehemu inayobaki ndiyo ya jimbo.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya jimbo ilianzisha uvuvi wa biashara hapo ili kupata chakula. Mwaka 1929 wavuvi wa Waojibwe wakaunda chama chao, na kwa miaka mingi nyavu zililisha nyumba nyingi. Hata hivyo samaki walivuliwa kupita kiasi. Nyavu zilitoa wengi mno, wavuvi wa ndoana upande wa jimbo nao walitoa wengi mno, na wengine waliuzwa kwa magendo bila kuandikwa popote. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wolai walikuwa karibu wamekwisha. Majike wa kuzaa walibaki wachache mno.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo si rahisi. Mwaka 1997 wavuvi Waojibwe wenyewe walipiga kura kuacha uvuvi wa biashara. Mwaka 1999 kabila hilo, jimbo na serikali kuu wakatia sahihi mapatano, na upande wa jimbo nao ukafungwa kwa wolai. Vifaranga vikamwagwa ziwani mwaka 1999, 2001 na 2003, vyote pamoja zaidi ya milioni 100.

Tulipozunguka kwa gari hadi Redby, mahali penye kiwanda cha samaki cha Waojibwe, tulizungumza na mama mmoja wa rika letu aliyekuja kununua minofu. Alituambia kwamba nyavu zilipoanikwa kwa mara ya mwisho, watoto wake walikuwa wadogo. “Kwetu samaki hakuwa kitoweo tu,” alisema. “Alikuwa viatu vya watoto.” Mume wake alikwenda kutafuta kibarua mbali, naye akabaki akigawanya kidogo kilichokuwapo. Tulimwuliza kama hakuwahi kutamani mtu atupe wavu usiku kimyakimya. Akacheka, akasema kutamani kila mtu alitamani. Kilichowazuia ni kujua kwamba vifaranga vile ni vya watoto wao, si vyao.

Sasa, mama, rudia ile hesabu. Vifaranga vilivyomwagwa mwaka 1999 vilihitaji miaka mitano au sita ili majike yao yazae. Kuvua miaka miwili tu baadaye kungekuwa sawa na kuchinja mitamba yote zizini kisha kungoja maziwa. Walingoja mpaka mabinti wa ziwa wamekuwa mama. Mwaka 2006 ziwa likafunguliwa tena, kwa idadi ndogo: upande wa jimbo mtu aliruhusiwa wolai wawili tu kwa siku. Waojibwe nao wakaanza tena, kwanza kwa ndoana. Leo ziwa limejaa, na pande zote mbili hukutana na kupima kabla ya kuvua.

Kitoweo, na neno la kikapu

Jioni ile tulipika kwa namna mbili. Mke wa Babu alichovya minofu kwenye unga, akaikaanga kwenye mafuta mengi pamoja na viazi, kama wafanyavyo huko kando ya ziwa. Mwenyeji wetu alifungua makopo ya tui, akaweka kitunguu, nyanya, bizari na ndimu, akamtia wolai dakika za mwisho tu kwa sababu nyama yake ni laini na huvunjika. Tulimla kwa wali. Nyama yake ni nyeupe, haina shombo, na miiba yake ni michache. Babu aliomba tena mara mbili.

Mezani mazungumzo yakafika kwetu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki na dagaa wapate kuzaliana. Tunajua akina mama wanaoanika dagaa Kigoma waliionaje miezi hiyo. Sufuria ya mtoto haijui habari za kufungwa kwa ziwa. Hatuwezi kuwaambia kwamba haiumi. Tunachoweza kusema ni kwamba tumeona kwa macho ziwa ambalo watu wake waliumia muda mrefu zaidi, nao wakavuna.

Na si wavuvi peke yao wanaoamua. Katika Ziwa Victoria, sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, lakini sokoni tunamwona, mdogo, bei poa, amepangwa fungu. Anavuliwa kwa sababu ananunuliwa, na anayenunua ni mimi na wewe. Sangara huyo ni binti ambaye hajazaa hata mara moja. Ukimwacha mezani pa muuzaji leo na kesho, na jirani yako akamwacha, na wa tatu naye, yule kijana mwenye wavu wa matundu madogo atakosa pa kumpeleka.

Sisi akina mama ndio tunaojua kugawa kidogo leo ili kesho pia pawe na kitu jikoni. Tunaficha kibaba cha mbegu watoto wakililia uji. Tuitumie hekima hiyohiyo tunapoinama juu ya fungu la samaki, tupime kwa jicho, na tuulize: je, huyu amepata kuwa mama?